Kabla ya Dawati la Jinsia, Kulikuwa na Mwalimu wa Kajiado

Ukimuuliza kijana wa rika langu hapa Kitengela mageuzi ya polisi yalianza lini, atakuambia Juni 2024. Simlaumu. Mwaka ule tuliona mengi, na mengine yalitukuta hapa hapa mtaani. Tarehe 19 Agosti vijana watatu walichukuliwa Kitengela, na familia zao zikakaa mwezi mzima bila kujua waliko. Mahakama Kuu ikamwita aliyekuwa kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, aje aeleze. Hakuja. Akaitwa tena na tena, hakuja. Tarehe 13 Septemba Jaji Lawrence Mugambi akampa kifungo cha miezi 6 kwa kuidharau mahakama. Tarehe 20 vijana wale wakapatikana wakiwa hai.

Kwa hivyo leo ukimwambia mtu wa huku "enda uripoti polisi," kwanza anakuangalia, halafu anacheka.

Sawa. Lakini kuna hadithi nyingine ya polisi na haki katika kaunti hii hii, ya zamani kuliko simu zetu, na siisikii ikisimuliwa. Ni hadithi ya wanawake wa Kimaasai ambao walikuwa wakiingia kituoni na kwa DC miaka ya 80 na 90, wakimlazimisha mtu mwenye sare afanye kazi yake wakati hata sheria ya kumlazimisha haikuwepo. Hawakuwa maafisa wa polisi. Wengi hawakuwahi kuvaa sare yoyote isipokuwa ile ya shule. Ila ukiniuliza ni nani aliyebadilisha kazi ya polisi Umaasaini, nitawataja hao kabla ya jopokazi lolote lililoundwa Nairobi.

Mimi si Mmaasai, niseme mapema. Wazazi wangu walinunua ploti hapa Kitengela, ile ya 50 kwa 100, kama wazazi wa wengi wenu. Ardhi hii ilikuwa ranchi ya pamoja, ikagawanywa miaka ya 80, ikakatwa, ikauzwa, sasa ni maghorofa na matatu. Tunaishi juu ya historia ya watu wengine bila kuisoma. Basi tuisome kidogo.

Ili uelewe ni kwa nini jambo hili lilikuwa gumu, lazima ujue serikali ni nani kwa Mmaasai. Mwaka 1904 Waingereza waliwatoa Wamaasai kwenye malisho ya Bonde la Ufa, wakawagawa sehemu mbili: wengine Laikipia, wengine kusini huku. Wakaahidiwa kwamba mpango huo ungedumu daima. Ulidumu miaka 7. Mwaka 1911 ukaandikwa mkataba wa pili, wale wa Laikipia nao wakahamishwa na mifugo yao kuelekea kusini, na waliokuwa wakisimamia msafara walikuwa watu wa serikali. Mwaka 1913 wazee, Legalishu akiwa nyuma yao, wakafanya jambo ambalo sisi tunadhani ni la kisasa: wakaajiri wakili na kuishtaki serikali. Kesi inajulikana kwa jina la Ol le Njogo. Wakashindwa. Mahakama ilisema mkataba ule ni kama mkataba kati ya mataifa mawili, kwa hivyo si kazi ya korti kuuangalia. Yaani uliponyang'anywa ardhi ulikuwa raia wa kutawaliwa, ulipoenda kortini ukageuzwa taifa la kigeni. Hebu fikiria.

Katika boma la namna hiyo, mtu aliyekuja na kofia ya serikali alikuwa amekuja kuchukua: ng'ombe kwa faini, ardhi, au watoto kwa shule. Sasa weka msichana wa miaka 12 hapo. Ameposwa tangu akiwa mdogo, pengine kabla hajazaliwa. Anajua akikeketwa, kinachofuata ni ndoa. Akitoroka aende wapi? Kwa chifu? Chifu naye ni mzee wa rika la baba yake, na pengine atakula nyama ya sherehe hiyo hiyo. Polisi? Yule askari haongei Kimaa, na akifika bomani ataonekana kama wale wa 1911.

Hapo ndipo anaingia Priscilla Nangurai.

Huyu mama alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya bweni ya wasichana ya AIC pale Kajiado mjini. Shule ilianzishwa mwaka 1959 na kanisa, kwa hiyo alipoichukua haikuwa mpya. Alichokuta ni kwamba wasichana wanaondoka likizo na hawarudi. Dawati linabaki tupu, unaambiwa ameolewa. Mwalimu mwingine angeandika kwenye rejista "ameacha shule," akaendelea na hesabu. Yeye akaanza kuwafuata.

Akifika kwa baba, anakataliwa. Anaenda kwa chifu, DO, DC. Watu wa utawala wakitaka, wanatoa gari na askari, wasipotaka, hawatoi. Hakukuwa na kifungu cha sheria cha kuwasomea. Rais Moi alikuwa amekemea ukeketaji hadharani mwaka 1982, lakini tamko la rais si sheria, na afisa wa wilaya aliyezungukwa na wazee wenye kura za watu hakosi sababu ya kuchelewa. Mwalimu Nangurai alichokuwa nacho ni jina lake, lugha yake, na ukweli kwamba yeye mwenyewe ni binti wa Kimaasai. Baba angeweza kumwita msaliti. Hangeweza kumwita mgeni.

Wasichana wakaanza kuja wenyewe. Wengine kwa miguu, usiku, kutoka mbali. Shule ikawa shule na pia makao. Likizo ikifika, wenzao wakienda nyumbani, hawa wanabaki bwenini kwa sababu nyumbani kuna bwana harusi anangoja. Shirika la FAWE, lile la wanawake wa elimu barani Afrika, liliichagua shule hiyo kuwa mojawapo ya vituo vyake vya mfano mwaka 1999. Lakini kabla ya wafadhili na vibao vya getini kulikuwa na miaka mingi ambayo ilikuwa ni mama mmoja tu na wasimamizi wake wakiamua kulisha watoto ambao hakuna aliyewalipia karo.

Na kuna jambo moja alilofanya ambalo naliona kubwa kuliko yote: upatanisho. Hakuwachukua wasichana akafunga geti. Alirudi kwa wazazi, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Alijua polisi wanaweza kumtoa mtoto bomani kwa dakika 20, lakini hawawezi kumrudishia baba. Na mtoto anahitaji baba, hata yule aliyetaka kumuoza.

Sheria ilikuja polepole sana, mpaka inakera kuisoma. Mwaka 1996 hoja ya kutaka ukeketaji upigwe marufuku ilipelekwa Bungeni na wabunge wakaitupa. Mwaka 2000 wasichana wawili wa Keiyo walimshtaki baba yao katika korti ya Iten, na hakimu akatoa amri asiwaguse. Ni watoto waliotangulia Bunge, tuelewane hapo. Mwaka 2001 ndipo Sheria ya Watoto ikapitishwa, ikakataza kumkeketa yeyote aliye chini ya miaka 18. Na mwaka 2011 ikaja ile yenye meno, Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji. Nitarudi kwayo.

Kwanza twende Narok, kwa sababu huko ndiko aliko mwanamke ambaye maisha yake ya kazi yanabeba hadithi hii yote kutoka mwanzo mpaka leo: Agnes Pareyio.

Pareyio alikeketwa akiwa msichana. Hakutaka. Amesimulia mara nyingi kwamba alikubali kwa sababu wenzake walimcheka kuwa ni mwoga. Alipokuwa mtu mzima akaingia Maendeleo ya Wanawake, akaanza kutembea kijiji hadi kijiji na kifaa ambacho mpaka leo watu wa Narok wanakikumbuka: mfano wa mbao wa viungo vya uzazi vya mwanamke. Anauweka mezani mbele ya akina mama, halafu mbele ya wanaume, anaonyesha: hivi ndivyo Mungu alivyoumba, hivi ndivyo mnavyoacha baada ya kisu, na hapa ndipo mtoto anapokwama wakati wa kuzaliwa. Katika jamii ambayo mambo hayo hayatajwi mbele ya mkwe! Nyinyi mnaoogopa kuongea kwenye kikao cha ploti, mwazieni huyo mama kidogo.

Alitembea kwa miguu miaka mingi. Mwandishi wa tamthilia wa Marekani, Eve Ensler, alikutana naye, akamuuliza anahitaji nini. Akasema gari. Akapata gari kutoka shirika la V-Day. Baadaye akaulizwa tena, akasema nyumba, kwa sababu unamwokoa msichana kutoka bomani halafu unampeleka wapi? Mwaka 2002 makao ya Tasaru Ntomonok yakafunguliwa pale Narok. Jina hilo kwa Kimaa ni kama kusema "mwokoe mwanamke." Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa nchini Kenya ukamtaja kuwa mtu wa mwaka. Nyumbani kwao si wote waliopiga makofi. Kuna waliomwona kama mtu anayeharibu mila kwa pesa za wazungu, na bado wapo.

Angalia ratiba, ndugu yangu. Makao yanafunguliwa 2002. Sheria ya Watoto imeanza kutumika 2002. Kwa mara ya kwanza Pareyio anaingia kituo cha polisi akiwa na kitu mkononi: kifungu. Kabla ya hapo alikuwa anaomba. Sasa anaweza kudai. Afisa wa watoto anaandika, polisi wanapeleka gari, baba anakamatwa, korti inakaa. Mfumo wote huo ulikuwa kwenye karatasi tu mpaka awepo mtu wa kuusukuma kila siku, mtu anayejua OCS mpya ni nani, ni chifu gani anayepiga simu mapema kuonya na ni yupi anayemwonya mwenye sherehe. Hiyo ndiyo kazi ya polisi ambayo haifundishwi Kiganjo.

Na yeye pia hakuishia kwenye pingu. Msichana akimaliza shule, Tasaru humrudisha kwa wazazi kwa sherehe ya upatanisho. Nangurai Kajiado, Pareyio Narok, wanawake wawili, miji miwili, na wote wawili wakafikia uamuzi huo huo. Sidhani ni bahati.

Sasa ile sheria ya 2011. Ukiisoma, utaona imeandikwa na watu waliochoka kudanganywa. Hakuna kisingizio cha "amekubali mwenyewe," hata kama ni mtu mzima. Anayekeketa, anayesaidia, anayetoa nyumba, anayemvusha mtoto mpaka, wote ndani. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote. Mtoto akifa, ni maisha. Kujua na kunyamaza ni kosa. Kumtukana mwanamke kwa sababu hakukeketwa ni kosa pia, na hilo nalipenda, kwa sababu Pareyio aliingizwa kwenye kisu kwa kuchekwa. Na afisa anaweza kuingia mahali bila kibali cha korti akiwa na sababu ya kuamini jambo hilo linafanyika.

Soma tena hiyo ya mwisho, polepole. Polisi kuingia bomani bila kibali. Kwa Mmaasai mwenye kumbukumbu ya 1911, hiyo si sentensi ndogo. Na kwetu sisi wa Kitengela ya 2024 pia si ndogo.

Chini ya sheria hiyo ikaundwa Bodi ya Kupinga Ukeketaji. Linah Jebii Kilimo, Mmarakwet ambaye alikimbia kisu akiwa msichana, aliiongoza mwanzo, na baadaye Agnes Pareyio akateuliwa mwenyekiti. Mama aliyekuwa akitembea na mbao yake akawa anakaa mezani na wakuu wa polisi na viongozi wa mashtaka, kwa barua ya serikali. Kiongozi wa mashtaka ya umma wakati huo naye alikuwa Mmaasai wa huku Kajiado, Keriako Tobiko, na mwaka 2014 ofisi yake ikaunda kitengo maalumu cha kesi za ukeketaji, kikiongozwa na Christine Nanjala.

Mwaka huo huo, 2014, moto ukawaka. Msichana wa miaka 13 alifariki hapa Kajiado baada ya kukeketwa. Kesi ikafunguliwa, watu wakakamatwa, msako ukaanza. Na Juni mamia ya wanawake wa Kimaasai wakaandamana katika kaunti hii hii. Wanawake! Waliandamana kuipinga sheria, wakisema ni mwili wao na mila yao, na kwamba binti asiyekeketwa hatapata mume. Watu wa Nairobi walishangaa sana. Mimi nikisoma habari hizo sasa sishangai. Ukiwa mama ambaye hana jina kwenye hati ya ardhi, hana ng'ombe wa kwake wa kuuza bila kuuliza, na heshima yako yote katika jamii ilianzia siku ile ya kisu, halafu anakuja askari kukuambia kile kilichokupa heshima ni jinai, utafanya nini?

Tena hapo kwenye ardhi na urithi nisimame kidogo, kwa sababu watu hutenganisha mambo haya na hayatengani. Sheria ya Urithi ya Kenya ilikuwa na kifungu kilichoacha mashamba na mifugo ya wilaya fulani nje, yatawaliwe na mila. Kajiado na Narok zilikuwa kwenye orodha hiyo. Maana yake kwa kawaida binti hapati kitu. Mwaka 2008 mabinti wa marehemu Lerionka ole Ntutu, aliyekuwa mtu mkubwa wa Narok, walidai sehemu yao na kaka zao wakawaambia mila haiwajui. Jaji Kalpana Rawal akaamua kwamba mila inayombagua binti haiwezi kusimama, akawapa haki yao. Hiyo kesi haitajwi kwenye mazungumzo ya ukeketaji, na naona ni kosa. Msichana mwenye kitu chake haozwi kirahisi.

Upinzani ukafika kortini pia. Daktari Tatu Kamau aliwasilisha kesi mwaka 2017 akitaka sheria yote ya 2011 itupwe, akisema mwanamke mzima ana haki ya kuchagua. Ilichukua miaka. Tarehe 17 Machi 2021 majaji watatu, Lydia Achode, Kanyi Kimondo na Margaret Muigai, wakakataa ombi lake na sheria ikabaki. Mimi nakubaliana na majaji, lakini sipendi jinsi Daktari Kamau alivyogeuzwa kichekesho. Swali lake la serikali kumkamata mwanamke kwa ajili ya mwili wa mwanamke huyo huyo ni swali halisi. Jibu langu liko kwenye maisha ya Pareyio: alichaguliwa na kicheko cha wenzake, akakiita chaguo.

Na sheria imefanya kazi? Utafiti wa kitaifa wa afya unaonyesha wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 38 mwaka 1998, wakawa 21 mwaka 2014, na 15 mwaka 2022. Hiyo ni nchi nzima. Kwa Wamaasai mwaka 2014 ilikuwa asilimia 78. Na msako wa polisi ulipozidi, sherehe zilihama: zikafanywa usiku, bila ngoma, kwa watoto wadogo zaidi, kwa muuguzi anayelipwa kimyakimya, au ng'ambo ya mpaka. Ukitoka Kitengela kwa matatu unapita Isinya, Kajiado, Bissil, unafika Namanga, na Tanzania iko pale. Ndiyo maana Aprili 2019 Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Somalia zilikutana Mombasa kupanga jinsi ya kuzuia watoto kuvushwa.

Polisi nao walikuwa wakibadilika, angalau kwenye karatasi. Dawati la jinsia la kwanza lilifunguliwa kituo cha Kilimani mwaka 2004. Jopokazi la Jaji Ransley mwaka 2009 lilitoa mapendekezo yapatayo 200. Mwaka 2013 Grace Kaindi akawa mwanamke wa kwanza kuwa Naibu Inspekta Jenerali. Jopokazi la Maraga likakabidhi ripoti yake 2023. Na mwaka 2013 pia Mahakama Kuu ya Meru, katika kesi ya wasichana walionajisiwa, iliamua kwamba polisi walivunja haki zao kwa kutochunguza. Kwa polisi hiyo ni kubwa: kukaa tu bila kufanya kitu ni kuvunja katiba.

Lakini mwaka juzi nilimsindikiza jirani yangu, mama Mmaasai mwenye umri wa mama yangu, kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Binti ya dada yake alikuwa ametoweka kijijini na walisikia ameozwa. Dawati la jinsia lilikuwepo, na bango. Afisa wa dawati hakuwepo, alikuwa likizo. Aliyekuwepo hakuelewa Kimaa, na yule mama akiwa na uchungu Kiswahili kinampotea. Nikawa mkalimani, mimi ninayejua Kimaa cha sokoni! Tukapewa nambari ya OB. Halafu tukaambiwa gari halina mafuta. Mama akauliza, "Sasa mwanangu, hii nambari nitampa nani?" Aliyeokoa hali hatimaye ni mwalimu wa shule ya kule, aliyeenda mwenyewe kwa bodaboda na mzee wa nyumba kumi. Mwalimu. Miaka 30 na zaidi baada ya Nangurai.

Kuna kizazi kipya kilichosoma somo hilo. Nice Nailantei Leng'ete wa Kimana, kusini mwa kaunti yetu, alikimbia kisu akiwa mtoto yatima na baadaye babu yake akakubali asikeketwe. Alipokuwa kijana hakwenda kwa polisi kwanza. Alikwenda kwa morani. Akakaa nao, akazungumza, walipoondoka kwa hasira akarudi tena, mpaka wakamsikiliza, na wazee wakamkabidhi fimbo nyeusi ya uongozi. Mwaka 2018 jarida la TIME lilimweka kwenye orodha ya watu 100 wenye ushawishi duniani. Na Peris Tobiko aligombea ubunge wa Kajiado Mashariki, ambamo Kitengela iko, mwaka 2013. Wazee walimlaani hadharani kwa sababu ni mwanamke. Akashinda, akawa mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuchaguliwa mbunge, akakaa mihula miwili. Mwaka 2022 Pareyio naye akachaguliwa mbunge wa Narok Kaskazini. Laana, inaonekana, haina nambari ya OB.

Jambo hili si la Wamaasai peke yao. Kule Australia, Veronica Gorrie, mwanamke wa watu wa asili wa huko, alijiunga na polisi wa Queensland akijua vizuri polisi wamewafanya nini watu wake. Tume ya nchi hiyo ilikuwa imechunguza vifo 99 vya watu wa asili waliofia mikononi mwa polisi na magerezani, ikatoa mapendekezo 339 mwaka 1991. Gorrie alidumu miaka 10, akaacha, akaandika kitabu kuhusu hayo mwaka 2021. Aliingia ndani ya sare na ikamvunja. Akina Nangurai walibaki nje ya sare na wakaisukuma. Sijui ni ipi iliyo ngumu zaidi, ila najua hakuna nchi iliyofanya iwe rahisi kwa mwanamke wa jamii iliyonyang'anywa kumwita mnyang'anyi aje amsaidie.

Ndiyo maana nikisikia mjadala wa mageuzi ya polisi ukiishia kwenye mishahara, sare mpya na nani awe Inspekta Jenerali, nauliza swali dogo la hapa nyumbani: usiku wa manane, Kajiado, msichana akipiga simu kwa Kimaa, anayeshika simu ni nani? Kujiunga na polisi unahitaji angalau D+ ya KCSE. Msichana aliyeozwa akiwa na miaka 13 hana D+. Hana KCSE. Kwa hivyo wale wanaoweza kulikalia dawati hilo na kuuelewa uchungu huo ni wale hasa waliobaki bwenini likizo, waliomaliza shule kwa sababu mwalimu mmoja alikataa kuandika "ameacha" kwenye rejista. Usajili wa makurutu ukija tena Kajiado, mimi nitaenda uwanjani nihesabu ni wasichana wangapi kwenye foleni wanaongea Kimaa, na nitawaandikia hapa idadi yao.